Dawa ya Bei ya Chini Isilaumiwe Bure



Kuna swali moja ambalo hapa kwetu Machakos utaulizwa ukiingia karibu duka lolote la dawa, wakati mwingine hata kabla hujamaliza kusema unaumwa na nini. "Unataka orijino ama jeneriki?" Ukijibu orijino, unaonekana mtu wa maana. Ukijibu jeneriki, unajiona ni kana kwamba umeomba kukopeshwa. Mimi nililijibu swali hilo mwaka jana nikiwa nimeshika noti moja mkononi, na nililijibu ovyo. Aliyelipia makosa yangu ni ndugu yangu mdogo. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida la chama chetu niseme maoni yangu, ijapokuwa najua kuna wenzangu ambao wangependa kusoma habari za mechi yetu na wale majirani zetu wa huko chini.

Kwanza tuelewane maneno. Dawa huwa na majina mawili. La kwanza ni jina la kitu chenyewe kinachotibu, na hilo kwa kawaida ni moja karibu kila mahali duniani. La pili ni jina la biashara ambalo kampuni huipa dawa yake, mithili ya mtu anavyoipa ng'ombe wake jina. Parasetamoli ndicho kitu chenyewe, Panadol ni jina la biashara. Kampuni inayovumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuiuza peke yake kwa miaka kadhaa, kwa kawaida 20 tangu iombe hataza hiyo. Miaka ikiisha, kiwanda chochote kinachotimiza masharti kinaweza kutengeneza kitu kile kile na kukiuza kwa bei ya chini, kwa sababu hakikugharamia utafiti wa mwanzo wala hakilipii matangazo makubwa. Hiyo ndiyo jeneriki. Basi. Si dawa bandia, si dawa iliyooza, na si dawa ya maskini.

Hilo la bandia lazima nilisemee zaidi kwa sababu hata watu wazima hulichanganya. Tena si watu wazima wa kijijini tu, bali hata sheria ya nchi iliwahi kulichanganya! Mwaka 2008 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, na maelezo yake ya neno "ghushi" yalikuwa mapana mno, hata dawa halali za jeneriki zingeweza kuingizwa humo na kunaswa bandarini. Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wakaenda Mahakama Kuu. Walisema kwamba dawa hizo zikizuiwa, uhai wao umo hatarini. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliwapa haki yao: sheria ile haikutofautisha vya kutosha baina ya ghushi na jeneriki, na hivyo ilitishia haki ya kuishi, haki ya utu na haki ya afya zilizomo katika Katiba. Watu watatu tu, na wangapi sijui wanaomeza dawa zao leo kwa sababu yao. Ningependa kesi hii ifundishwe katika somo la Historia na Serikali, maana tunakariri mikataba ya Wazungu ilhali yetu hatuyajui.

Na ni kweli dawa zile ziliokoa watu. Kabla ya mwaka 2001, dawa za UKIMWI za kampuni kubwa ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Ni nani Ukambani mwenye pesa hizo? Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba ingewauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. Mwaka huo huo Kenya ikapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani iliyofungua mlango wa dawa hizo za nafuu. Basi mtu akiniambia ati jeneriki ni takataka, humuuliza kama anajua makaburi yangekuwa mangapi.

Lakini wahenga walisema Mgala muue na haki yake mpe, nami sitaki kuwa wakili wa jeneriki kiasi cha kufumba macho. Dawa hizo hizo za nafuu za wakati ule zilikuwa na stavudini ndani yake, na stavudini iliwatesa watu: nyayo kuwaka moto na kufa ganzi, mashavu kubonyea, mafuta ya mwili kuhama. Wengi walisema, "Mnaona? Ni kwa sababu ni za bei ya chini." La hasha. Stavudini ya kampuni iliyoiuza kwanza iliwafanyia wagonjwa wa Ulaya na Marekani mambo yale yale. Kosa lilikuwa la kitu chenyewe, halikuwa la aliyekitengeneza. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache pole pole. Mgonjwa ambaye angehama kutoka jeneriki hadi orijino angemaliza pesa zake na nyayo zingeendelea kuwaka.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Dawa ikikudhuru, jambo la kwanza ni kujua ni nini hasa kilichokudhuru. Ni dawa yenyewe? Ni kipimo? Ni namna inavyoachiliwa mwilini? Ni rangi na unga uliotumika kuijaza? Ama ni hofu yako mwenyewe baada ya kuona tembe imebadilika rangi? Yote hayo hutokea, hata hilo la mwisho. Na kila moja lina jibu lake. Sisi tuna jibu moja tu kwa yote: "Rudi kwa ile ya orijino."

Sasa niwaeleze yaliyotokea kwetu.

Ndugu yangu ana kifafa. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe amenipa ruhusa, tena amesema kama ni kuficha tumeficha vya kutosha. Wakati wote ambao baba alikuwa na kazi, alitumia Tegretol, tembe moja asubuhi na moja jioni, na alikuwa amekaa zaidi ya mwaka bila kuanguka. Baba alipopunguzwa kazini, boksi moja la dawa ile likawa linashindana na unga. Mama akanituma dukani na pesa zilizokuwepo. Nilipoulizwa lile swali, nikasema jeneriki. Sikuwa nimebeba boksi la zamani. Aliyeniuzia hakuniuliza lolote, nami sikujua la kumwambia. Niliondoka na kabamazepini ya miligramu 200, namba ile ile niliyoizoea, nikafurahi kurudi na chenji.

Siku ya tatu ndugu yangu akaanza kulalamika. Saa mbili tatu hivi baada ya kumeza, kichwa kinazunguka. Akiwa darasani anaona walimu wawili ubaoni, na mmoja alikuwa akimtosha! Anatembea akijishika ukutani kama mlevi. Jirani mmoja akasema hizo dawa ni za Wahindi, haziwezi kufanya kazi mwili wa Mwafrika. Mwingine akasema zimetengenezwa kwa unga wa muhogo. Nami, mwanafunzi wa sekondari ninayejua fomula ya usanidinuru, nikaungana nao. Nilimwambia mama, "Hizi ni feki, tuzitupe." Zilikuwepo tembe chache za zamani zilizosalia ndani ya boksi. Nikashauri apewe hizo, moja kwa siku badala ya mbili, ili zifike mwisho wa mwezi.

Zilifika siku ya tano tu. Alianguka jikoni jioni, karibu na jiko la makaa, na mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye makaa kabla ya susu kumvuta. Susu ni nyanya yetu, ana miaka zaidi ya sabini, na ndiye pekee aliyekuwa ndani. Alama iko hadi leo. (Na jamani, mtu akianguka hivyo msimtie kijiko mdomoni. Mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vya hatari, mngoje. Jirani mmoja alikuja na kijiko na nusura amvunje meno.)

Kwenye kliniki ya hospitali ya serikali tulikutana na afisa mmoja ambaye hakutufokea, ingawa tulistahili. Alisema tu, "Nionyesheni maboksi yote mawili." Akayaweka mezani sambamba. Kwenye lile la zamani, baada ya jina Tegretol, palikuwa na herufi mbili ndogo ambazo sote nyumbani tulikuwa tumeziona kwa miaka na hakuna aliyewahi kuuliza maana yake: CR. Alitueleza kwamba herufi hizo maana yake ni tembe inayoachilia dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi, na ndiyo sababu haisagwi wala haitafunwi. Ile mpya ilikuwa kabamazepini ya kawaida, inayoachilia dawa yake kwa haraka zaidi. Damu ya ndugu yangu ilikuwa ikipanda dawa ghafla baada ya kumeza, ndipo kizunguzungu na kuona viwili viwili, kisha inashuka. Jeneriki haikuwa mbovu. Orijino ya kawaida isiyo na CR ingeweza kumfanyia vile vile, na zipo jeneriki za aina ile ya polepole pia. Tulikuwa tumebadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja na kulaumu moja.

Alichofanya ni kugawa kipimo kile kile cha siku: nusu tembe asubuhi, nusu mchana, nzima usiku. Kizunguzungu kilikwisha. Mpaka ninapoandika haya anatumia jeneriki hiyo hiyo, na tembe ya mchana huimeza shuleni, mwalimu wake anajua.

Halafu yule afisa akasema neno lililoniuma kuliko kufokewa. Alisema kuanguka kule hakukusababishwa na dawa mpya wala ya zamani, bali na kupunguza. Dawa ya kifafa haiachwi ghafla wala haipunguzwi nyumbani kwa hesabu za unga. Hesabu zile zilikuwa zangu.

Sasa wapo watakaosema, basi kisa chako kinathibitisha kwamba hakuna tofauti, ni ujinga wetu tu. Polepole. Kwa dawa nyingi, kwa kweli hakuna la kuhofia. Jeneriki haisajiliwi hivi hivi. Watu wazima wenye afya humezeshwa ile na orijino kwa zamu, damu yao inapimwa saa baada ya saa, na wastani wa ulinganisho pamoja na nafasi yake ya makosa lazima vikae kati ya asilimia 80 na 125. Wengine husikia namba hizo wakadhani tembe inaruhusiwa kupungukiwa dawa kwa asilimia 20. Sivyo, ni mpaka wa hesabu ya takwimu, na dawa zilizopita hukaribiana zaidi ya hapo. Kwetu kazi ya kusajili na kukagua ni ya Bodi ya Dawa na Sumu. Hata viwanda vyetu vimo: Universal Corporation ya pale Kikuyu ilipata kibali cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 kwa dawa ya UKIMWI.

Lakini kifafa ni mgonjwa mwenye madeko. Baadhi ya dawa zake zina nafasi nyembamba sana kati ya kutosha na kuzidi. Mfano ninaoupenda, kama mtu anaweza kupenda jambo kama hilo, ni wa mji wa Brisbane, Australia, mwaka 1968 na 1969. Wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakitumia fenitoini walianza kuyumbayumba na kulewa bila pombe. Kipimo kilikuwa kile kile, dawa ile ile. Ikaja kugunduliwa kwamba mtengenezaji alikuwa amebadilisha unga wa kujazia: badala ya salfeti ya kalisi ametia laktosi, ile sukari ya maziwa. Unga usiotibu chochote! Kumbe ule wa kwanza ulikuwa unazuia sehemu ya dawa isiingie damuni, na huu wa pili ukaiachilia. Tazameni basi: hapakuwa na kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine. Jina la dukani halikubadilika, kilichobadilika ni kilichokuwa ndani.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, mwezi wa Novemba 2013 wasimamizi wa dawa wa Uingereza waligawa dawa za kifafa mafungu matatu. Fungu la kwanza, lenye kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, wakashauri mgonjwa asibadilishiwe mtengenezaji ovyo. Akianza na wa fulani, aendelee naye. Hawakusema awe wa jina kubwa. Walisema awe yule yule. Mimi naona hapo pana hekima ambayo hata hospitali zetu zingeweza kuifuata bila kuongeza shilingi nyingi. Mgonjwa wa kifafa akipewa jeneriki ya kiwanda kimoja, miezi mitatu baadaye asipewe ya kiwanda kingine, na mwisho wa mwaka ya tatu, eti kwa sababu ndiyo iliyoletwa. Najua zabuni ni zabuni. Lakini kama haiwezekani, basi aambiwe! Aambiwe, "Safari hii tembe ni za kiwanda kingine, ukiona hivi na hivi urudi." Maneno hayo hayagharimu kitu.

Jambo jingine linaloniudhi ni maandishi ya maboksi. Jina la biashara huandikwa kubwa kama bango la matatu, na jina la dawa yenyewe dogo kama siafu. Hebu fikirieni mama mmoja tunayeishi naye ploti moja. Utotoni alimezeshwa Septrin akatoka malengelenge midomoni na mwilini, akaambiwa asiiguse tena maishani. Amelishika hilo vizuri: Septrin, Septrin, Septrin. Mwaka juzi akiwa na homa akauziwa tembe zenye jina jingine kabisa, akazimeza kwa amani. Usiku ule ule midomo ikaanza kuwaka. Ilikuwa kotrimoksazoli, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Septrin. Mwili wake haupatani na salfa, uwe umeinunua kwa jina gani. Tena salfa imo katika baadhi ya dawa za malaria kama Fansidar. Mtu wa namna hii akihama jeneriki kwenda orijino ama orijino kwenda jeneriki ni kama mtu anayehama chumba hadi chumba ndani ya nyumba inayoungua. Anachohitaji ni jina la ndani, aliandike kwenye karatasi na alibebe kama kitambulisho.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye dawa methali hiyo haifai, maana huko kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, redioni na kwenye kuta za maduka.

Sasa mgonjwa afanye nini dawa mpya inapomdhuru? Maoni yangu, kwa jinsi nilivyochapwa na dunia, ni kwamba asiitupe na asirudie ya zamani kimya kimya. Abebe maboksi yote mawili, lile jipya na lile la zamani hata likiwa tupu, arudi kwa aliyemwandikia. Aseme dalili zilianza siku ya ngapi, na saa ngapi baada ya kumeza. Ile "saa mbili tatu baada ya kumeza" ya ndugu yangu ndiyo iliyomfungua macho yule afisa. Akivimba uso, akishindwa kupumua ama ngozi na midomo ikitoka malengelenge, hapo asingoje kliniki, asimeze nyingine, akimbizwe hospitali usiku huo huo.

Na akifika, asikilizwe. Hili nawaambia wale wenzangu wanaotaka kusomea udaktari na ufamasia, na najua katika Kidato cha Tatu mko wengi. Mgonjwa maskini akisema "hii dawa mpya hainiwezi", ni rahisi kumjibu kwamba dawa ni moja, aende nyumbani. Ndugu yangu alikuwa anasema kweli tupu. Sababu aliyoitoa ndiyo iliyokuwa ya uongo, na hata hiyo alifundishwa na mimi. Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa, na ya waridi kwa dawa inayoshukiwa ubora wake, na siku hizi hata mgonjwa mwenyewe anaweza kuripoti kwa mtandao. Tangu 2010 Kenya imo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kukusanya ripoti hizo kutoka nchi mbalimbali. Niliwauliza wanafunzi wa darasa langu ni nani amewahi kusikia habari za fomu ya manjano. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa miwili, na mmoja alidhani nauliza habari za kadi ya manjano ya mpira.

Rafiki yangu mmoja, mhariri msaidizi wa jarida hili, amesoma makala haya akaniambia nimekwepa swali. Ati niseme wazi: ningekuwa na pesa, ningemnunulia ndugu yangu ipi? Nimelifikiria. Ningemnunulia hii hii anayotumia sasa, kwa kuwa imemshika na mwili umeizoea, na pesa zingebaki za nauli ya kliniki. Lakini ningenunua maboksi mengi ya kiwanda kile kile kwa mara moja, nikahakikisha tarehe zake, nisilazimike kumwona akibadilishiwa tena. Yeye rafiki yangu angali anasema orijino. Asiyekubaliana nami kama yeye aje Ijumaa baada ya vipindi, chama kitakutana katika chumba cha Kidato cha Pili, na aje na boksi lake.